Kama Sohyeon angeishi: kodi, sarafu na forodha za Joseon ambayo haikuwahi kuwepo

Mleta uzi:

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za "ingekuwaje kama" humu jukwaani huishia vitani: nani angempiga nani, kwa mizinga mingapi. Leo naomba tuzungumzie kodi, sarafu na forodha. Nchi ni Korea chini ya ukoo wa Joseon, katikati ya karne ya 17. Nitakapoandika "tuseme", mjue hapo nabuni. Palipobaki pote ni mambo yaliyotokea.

Mwanzoni mwa 1637 Mfalme Injo alitoka ndani ya ngome ya Namhan, akapiga magoti pale Samjeondo mbele ya Hong Taiji, mtawala wa Qing, dola ya Wamanchu iliyokuja kuitawala China. Miongoni mwa masharti ya kusalimu amri yalikuwepo ya mateka. Mwanawe mkubwa na mrithi wa kiti, Sohyeon, pamoja na mkewe Bibi Kang na mdogo wake Bongrim, wakapelekwa Shenyang, mji mkuu wa Qing wakati huo. Raia wa kawaida nao walikokotwa kwa maelfu, wakaishia kuuzwa huko utumwani.

Makazi ya mateka pale Shenyang yalikuwa kama ubalozi. Yalikuwa na maofisa, watumishi, wageni wa kupokea na zawadi za kutoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1640 Qing wakawaambia kwamba mgao wa chakula umefika mwisho, ardhi ni hii, limeni wenyewe. Kwa waungwana wa Joseon hiyo ilikuwa fedheha. Bibi Kang hakuiona hivyo. Aliwakusanya Wakorea waliotekwa, wengine akawakomboa, akawaweka mashambani. Mavuno yakazidi mahitaji, ziada ikauzwa, na mapato yakageuka mtaji wa kuuziana bidhaa na wakubwa wa Qing, ambao walikuwa na hamu ya vitu vya Korea. Kumbukumbu rasmi za ikulu, zilizoandikwa na watu wasiompenda hata kidogo, zinalalamika kwamba lango la makazi lilikuwa kama soko, na kwamba Injo aliposikia hakufurahi.

Mimi nayasoma malalamiko hayo kama taarifa ya hesabu. Mwanamke huyo alianza na ardhi ya ugenini na watu waliotoka utumwani, na ndani ya miaka michache nyumba yake ikajitegemea, ikakomboa wengine, na ikabaki na akiba. Hakuna wizara yoyote ya Hanyang, mji mkuu wa Joseon (Seoul ya leo), iliyokuwa na rekodi kama hiyo kwa wakati ule.

Mwaka 1644 Qing waliingia Beijing, Sohyeon akafuata msafara, akakutana na padri Mjesuiti Johann Adam Schall von Bell. Wengi wanaomjua Sohyeon wanamjua kwa sababu ya padri huyo na vitabu vyake vya elimu ya nyota. Sawa, lakini mashamba ya Shenyang yana uzito zaidi katika uzi huu.

Alirudi nyumbani mapema 1645. Baada ya kama miezi miwili akafa. Kumbukumbu zinasema mwili wake ulikuwa mweusi, damu ikimtoka, kama mtu aliyenyweshwa sumu. Mwaka 1646 Bibi Kang aliamriwa kunywa sumu. Watoto wao wa kiume wakapelekwa uhamishoni kisiwa cha Jeju. Kiti kikaenda kwa Bongrim, aliyetawala kwa jina la Hyojong kuanzia 1649.

Sasa tuseme Sohyeon hakufa mwaka ule. Injo anakufa 1649 kama alivyokufa kweli. Sohyeon, aliyezaliwa 1612, anaketi kitini akiwa na nguvu za utu uzima, na malkia wake ni yule aliyeendesha mashamba ya Shenyang. Wangefanya nini na uchumi?

Mleta uzi:

Naendelea. Wengi mtataka nianze na bandari. Naanza na kodi, na huo ndio msimamo wangu katika uzi mzima. Joseon haikukwama kwa sababu ya mlango kufungwa. Ilikwama kwa sababu serikali ilikusanya kodi kwa namna iliyowanyima wafanyabiashara kazi, ikawanyima wakulima pumzi, na yenyewe ikabaki haina kitu mkononi.

Tazameni hali. Vita vya Wajapani vya 1592 hadi 1598 viliteketeza watu na madaftari ya ardhi kwa pamoja. Kabla ya vita ardhi iliyoandikishwa ilizidi gyeol milioni 1.5 (gyeol ni kipimo cha shamba kinachofuata mavuno). Mwanzoni mwa karne ya 17 iliyobaki madaftarini ilikuwa kama nusu milioni tu. Mashamba hayakumezwa na bahari. Mengine yalikuwa pori, mengine yalilimwa na wenye nguvu bila kuandikishwa.

Juu ya kodi ya shamba kulikuwa na mzigo mwingine: kila wilaya ilidaiwa vitu. Karatasi, asali, samaki, ngozi, dawa, kulingana na orodha za zamani. Mara nyingi kitu kinachodaiwa hakipatikani tena pale. Hapo anaingia dalali mwenye ndugu yake ofisini. Anapeleka kitu hicho Hanyang kwa niaba ya kijiji, kisha anarudi kudai mara kadhaa ya thamani yake. Wakati mwingine kijiji kilileta mzigo wake chenyewe na karani akaukataa, eti haufai, mpaka wapite kwa dalali.

Dawa ilijulikana. Mwaka 1608, chini ya Mfalme Gwanghaegun na kwa pendekezo la waziri Yi Won-ik, mkoa wa Gyeonggi ulianza sheria iliyoitwa Daedong: badala ya vitu vya kila aina, lipa mchele kulingana na ukubwa wa shamba lako. Serikali itauchukua mchele huo na kununua inachohitaji sokoni. Mwaka 1623 ikaingia Gangwon. Kisha ikakwama. Waziri Kim Yuk alipigana mpaka Chungcheong ikapata 1651. Jeolla ikaanza 1658, mwaka aliokufa yeye. Gyeongsang ikasubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1670, na Hwanghae hadi 1708. Miaka 100 kusambaza sheria moja ya kodi ndani ya nchi ambayo unaivuka kwa miguu!

Sababu ya kuchelewa iko wazi. Kiwango kilichokuja kuzoeleka kilikuwa du 12 (du ni kipimo cha ujazo) za mchele kwa kila gyeol. Asiye na shamba halipi, mwenye mashamba mengi analipa mengi. Na wenye mashamba mengi ndio walioketi barazani wakijadili sheria. Walitoa hoja nzuri za kifalsafa, lakini hesabu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya maghala yao.

Tuseme Sohyeon anaikamilisha kusini kote kabla ya 1665. Siyo ndoto. Kim Yuk yupo na ana takwimu zake, Gyeonggi imeshathibitisha kwamba inafanya kazi, na malkia ni mtu anayejua tofauti ya mchele uliodaiwa na mchele uliofika ghalani. Kinachofuata ndicho kinachonifurahisha. Serikali inayokusanya mchele inahitaji mawakala wa kuinunulia karatasi, asali na samaki. Historia halisi iliwaita gongin: wafanyabiashara waliopewa malipo na serikali kwanza, kisha wakaleta bidhaa. Mawakala hao ndio waliowaamsha mafundi, masoko ya mikoani na vyombo vya mto Han. Serikali ikawa mteja mkubwa kuliko wote, mteja anayelipa kabla. Katika Joseon ya uzi huu, mikoa mikubwa ya kusini inampata mteja huyo mapema zaidi.

Ningeongeza kanuni moja. Katika historia halisi nafasi ya gongin iligeuka mali ya kuuziana na kurithishana. Tuseme Malkia Kang anaweka tenda za muda maalumu, na wakala anayeshindwa kuleta mzigo ananyang'anywa nafasi.

Mleta uzi:

Sehemu ya tatu, madini ya fedha. Hii inaniuma kila nikiisoma.

Mwaka 1503 watu wawili, Kim Gam-bul na Kim Geom-dong, walionyesha mbele ya ikulu namna ya kupata fedha safi kwa kuyeyusha mawe yake pamoja na risasi, kisha kuitenga risasi kwa majivu. Mgodi ulikuwepo Dancheon, kaskazini mashariki. Teknolojia ilikuwa ya Korea, imegunduliwa na watu wa kawaida, na mfalme wa wakati huo, Yeonsangun, ameijua. Miaka michache baadaye Yeonsangun akapinduliwa, na utawala mpya ukaubana uchimbaji huo. Mwaka 1533 njia hiyohiyo ikafika Iwami, Japani, kwa msaada wa mafundi kutoka Korea. Baada ya hapo Japani ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa fedha duniani, na fedha hiyo ikazunguka Asia nzima.

Msiwacheke waliofunga migodi, walikuwa na sababu. Tangu 1429 Joseon ilikuwa imeiomba Ming, ukoo uliotawala China kabla ya Qing, iisamehe kutoa dhahabu na fedha kama heshima ya kila mwaka, kwa maelezo kwamba nchi haina. Ukichimba wazi, wajumbe wa Ming wanaona, na madai yanarudi. Afadhali umaskini wa kudumu kuliko utajiri unaochukuliwa na mwingine.

Lakini baada ya 1637 sababu hiyo ilikufa. Qing waliweka katika orodha yao nyang (kipimo cha uzito) 100 za dhahabu na nyang 1,000 za fedha kila mwaka, mbali na mchele, nguo na ngozi. Kujificha hakukuwa na faida tena. Hata historia halisi ililiona hilo: mwaka 1651 serikali iliruhusu migodi ya watu binafsi kwa kutozwa ushuru. Tatizo ni kwamba kambi za jeshi na ofisi za serikali ziligombania mapato hayo, kila moja ikitaka mgodi wake. Tuseme Sohyeon anaacha sheria ya 1651 kama ilivyo, ila ushuru wote unaingia Hojo, wizara ya fedha, na kambi za jeshi zinapewa bajeti kutoka huko. Badiliko dogo la karatasi. Ndilo gumu kuliko kufungua mgodi.

Halafu Busan. Mkataba wa 1609 uliwapa watawala wa kisiwa cha Tsushima nafasi ya kuleta meli 20 kwa mwaka. Wafanyabiashara wao walikaa ndani ya uzio maalumu, Waegwan, kwanza Dumopo na baada ya 1678 Choryang. Joseon ilitoa jinsengi na nyuzi za hariri kutoka China. Japani ilitoa fedha na shaba. Kule kaskazini, Uiju, fedha hiyohiyo ilivuka mpaka kwenda kununua hariri zaidi. Wakalimani waliofuatana na wajumbe kwenda Beijing waliruhusiwa kubeba jinsengi au fedha kwa kiwango maalumu kama posho yao, na wengi walitajirika.

Ili muone nguvu iliyokuwepo: Japani iliposhusha ubora wa sarafu zake za fedha mwaka 1695, upande wa Korea ukazikataa. Mabishano yakaendelea miaka, na mwaka 1710 Japani ikalazimika kutengeneza fedha maalumu ya asilimia 80 kwa ajili ya kununulia jinsengi ya Korea. Nchi inayoweza kumlazimisha mteja wake abadilishe kiwanda cha sarafu haikuwa nchi iliyolala. Ila faida ile ilipita katika mifuko ya wakalimani, wafanyabiashara wa miji ya Dongnae (jirani na Busan), Kaesong na Uiju, na maofisa waliofumba macho, huku hazina ikibaki kuangalia.

Tuseme forodha mbili zenye kiwango kimoja kinachojulikana: fedha inahesabiwa ikiingia Busan, inatozwa ikitoka Uiju. Madaftari mawili yanalinganishwa Hanyang kila mwaka. Ikipungua katikati, ama imebaki nchini kufanya kazi, jambo jema, au imetoroshwa, na unajua pa kuanza kuuliza. Malkia hahitaji nadharia hapa. Alikuwa upande wa pili wa biashara hiyo kule Shenyang na anajua bei za pande zote.

Naomba michango.

Nahodha wa Kale:

Mkuu, uzi mzuri, umeshiba. Nina mashaka mawili. La kwanza, Qing wangekaa kimya huku kibaraka wao anajenga hazina? La pili, mbona hutaji Waholanzi? Mwaka 1653 meli ya Sperwer ilivunjika Jeju, wakaokoka watu 36 akiwemo Hendrick Hamel. Hiyo si ndiyo nafasi ya dhahabu?

Mleta uzi:

Nahodha, asante kwa kunisoma kwa makini.

Qing kwanza. Hyojong wa kweli alitaka kuwapiga Qing, akajenga jeshi kwa siri kwa ajili ya safari ya kaskazini ambayo haikufanyika. Mpango huo ulikula mchele na chuma kwa miaka 10. Sohyeon aliwajua Qing nyumbani kwao. Aliona nguvu yao ikiingia Beijing. Tuseme hajengi jeshi la kulipiza kisasi. Anapeleka heshima ya kila mwaka kwa wakati, na anaomba ipunguzwe. Ombi la namna hiyo lilikubaliwa mara nyingi katika historia halisi. Mzigo wa mchele ulishushwa sana ndani ya miaka michache tu. Qing waliogopa Joseon yenye silaha. Joseon yenye madaftari safi na hariri mkononi ingewafaa, kwa sababu wao wenyewe walihitaji fedha ya Japani.

Na kuna dirisha. Kuanzia 1661 Qing waliwahamisha watu wa pwani ya kusini ili kuwanyima chakula na biashara wapinzani wao wa ukoo wa Zheng walioishika Taiwan, na zuio hilo likaondolewa baada ya Taiwan kuanguka 1683. Japani nayo ilikuwa imewakataza watu wake kusafiri nje tangu 1635 na kuwafukuza Wareno 1639. Hariri ya China ilipungukiwa na njia za kufika Kyoto, na mojawapo ya njia zilizobaki ilipita Uiju na Busan. Mwenye njia akijipanga kwa miaka 20 hiyo, anapata mtaji wa karne nzima.

Kuhusu Waholanzi, siwapi nafasi kubwa. Hamel na wenzake walizuiwa miaka 13 hadi wanane kati yao walipotoroka 1666 kwenda Nagasaki. Baadaye kampuni ya Uholanzi ilitaka biashara ya Korea, hata ikaipa meli moja jina la Corea, lakini Japani haikutaka, na Waholanzi hawakuwa tayari kuipoteza Nagasaki kwa soko wasilolijua. Tuseme Sohyeon anawarudisha wote kupitia Busan mwaka 1654, anabaki na ujuzi wa mizinga kwa hiari ya watakaopenda kubaki, tofauti na Weltevree, Mholanzi aliyezuiwa Korea kabla yao. Basi. Anayetegemea meli moja ya ajali kujenga uchumi anajidanganya.

Mzee Ramani:

Wanangu, nichomekee jambo. Msidhani Korea haikuwa na habari za dunia. Ile ramani yao ya 1402 iitwayo Kangnido inaonyesha Afrika, ncha yake ya kusini ikiwa imezungukwa na maji, na katikati ya bara maji mengi kama ziwa kubwa. Hiyo ni miaka mingi kabla ya Wareno kuizunguka ncha hiyo na kufika kwetu pwani. Habari hizo zilitoka kwa wataalamu wa Kiislamu, zikapita China. Kwa hiyo tusiseme "walifungiwa wasijue".

Mleta uzi:

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kabisa, na inaunga mkono hoja yangu. Elimu ya dunia walikuwa nayo tangu mwanzo wa ukoo wenyewe. Ramani haikubadilisha namna ya kukusanya kodi.

Dada Mizani:

Kaka, nakupongeza kwa kumweka Bibi Kang mbele, maana wengi humtaja kama mke wa marehemu basi. Ila unaruka swali zito. Yangban, hao makabaila wako, wangekubali? Watu wengi sana nchini walikuwa nobi, watumwa wa kurithi wa serikali na wa majumba makubwa. Na sarafu je? Umezitaja kwenye kichwa cha uzi kisha kimya.

Mleta uzi:

Dada, umegusa kidonda chenyewe.

Sarafu kwanza, kwa kuwa jibu lake linatuonyesha njia ya lingine. Sarafu ya shaba ya Sangpyeong Tongbo ilitolewa kwa mara ya kwanza 1633. Haikushika. Kim Yuk akajaribu tena miaka ya 1650, akitoa mfano wa Kaesong ambako watu walishazoea kuzitumia. Jaribio likasitishwa. Mwaka 1678 serikali ikarudi tena, na safari hii sarafu zikaenea nchi nzima. Nini kilibadilika? Wengi hujibu kwamba shaba ya Japani ilipatikana zaidi. Ni kweli, ila tazama kalenda ya Daedong: huo ndio wakati Gyeongsang, mkoa mkubwa wa mwisho wa kusini, unaingia. Sasa serikali inanunua kila kitu sokoni, mawakala wanalipwa, na vibarua wanalipwa. Sarafu ilipata kazi ya kufanya. Mkulima anaikubali sarafu akijua kwamba mkusanya kodi naye ataikubali. Bila hilo ni kipande cha shaba chenye tundu, na nguo ya pamba au mchele vinabaki kuwa pesa ya kuaminika.

Ndiyo maana tuseme Daedong ikikamilika 1665, na sheria ikiruhusu sehemu ya kodi kulipwa kwa sarafu tangu siku ya kwanza, sarafu inaenea miaka 10 au zaidi kabla. Hatari ninaiona. Shaba ilitegemea Japani, na karne ya 18 Joseon ilipata uhaba mkubwa wa sarafu, kwa sababu matajiri na ofisi za serikali walizifungia ghalani. Uhaba ukamuumiza mkulima anayedaiwa sarafu wakati bei ya mchele wake imeshuka. Kwa hiyo kuruhusu sarafu, ndiyo; kulazimisha kodi yote iwe sarafu, hapana. Mlipaji achague.

Sasa yangban. Hawakulipa kodi ya nguo ya jeshi, iliyomwangukia mkulima huru peke yake: vipande 2 vya nguo kwa mwanamume kila mwaka. Wakulima wakakimbia, wengine wakajiingiza wenyewe chini ya makabaila wawe watumwa ili wasidaiwe. Mwaka 1750 Yeongjo alipunguza ikawa kipande 1, lakini hakuweza kuwatoza yangban wenyewe kama ilivyopendekezwa. Mfalme aliyetawala zaidi ya miaka 50, mwenye nguvu kama yule, na bado wakamshinda. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba Sohyeon angeshinda. Ningesema uongo.

Anachoweza ni kuzunguka. Daedong inawatoza kwa mashamba yao bila kuwataja kama tabaka. Upimaji mpya wa ardhi unavuta mashamba yaliyofichwa. Kuhusu nobi, historia halisi ina mlango: mwaka 1669 ilipitishwa sheria kwamba mtoto wa mama huru na baba mtumwa awe huru. Ikafutwa, ikarudishwa, ikafutwa tena, mpaka ikatulia 1731. Watumwa wa serikali, zaidi ya 66,000, waliachiwa 1801 na madaftari yao yakachomwa, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1894. Tuseme sheria ya 1669 inapita 1655 na haiguswi tena. Kila kizazi kinazaa walipa kodi wapya. Na malkia anayo hoja ambayo hakuna kabaila anaweza kuibeza, maana aliifanya: waliokombolewa Shenyang walilima wakazalisha ziada. Angeitoa hoja hiyo barazani kwa sauti ya mumewe, kwa kuwa desturi isingemruhusu kuitoa mwenyewe. Hilo linanisikitisha, lakini siwezi kulibadilisha kwa kuandika "tuseme".

Nahodha wa Kale:

Nimekuelewa. Basi nijibu la bahari. Nchi imezungukwa na maji pande tatu na bado hariri inapanda farasi kutoka Uiju?

Mleta uzi:

Hapo ndipo serikali ya kweli ilipokosea zaidi, naamini hivyo kwa dhati. Mchele wa kodi ulisafiri kwa bahari kila mwaka kutoka Jeolla hadi Hanyang, ukipita mkondo mbaya wa Anheung karibu na Taean, ambako vyombo vingi vilizama, na majaribio ya kuchimba mfereji wa kukwepa mkondo huo yalishindikana. Mabaharia wazuri walikuwepo. Kilichokatazwa ni kuvuka kwenda nchi nyingine.

Baadaye kabisa, karne ya 18, msomi Pak Je-ga alimsihi Mfalme Jeongjo afungue biashara ya meli na China, na akalinganisha mali na kisima: ukiteka maji yanajaa, ukiacha yanakauka. Hakusikilizwa. Lakini mfano wa vitendo ulikuwepo kabla yake. Njaa kubwa ya 1695 na 1696 ilipoivunja nchi, Joseon iliomba nafaka, na mwaka 1698 Kangxi, mfalme wa Qing, akatuma mchele, sehemu yake kwa meli. Njia ikaonekana inapitika. Baadhi ya wasomi wa Joseon wakaona aibu kula mchele wa Qing, na njia ikafungwa tena.

Tuseme baada ya 1684, Qing wanapofungua bandari zao, mrithi wa Sohyeon anaomba kibali cha meli chache kwa mwaka kati ya pwani ya Hwanghae na Shandong. Chache tu, zenye leseni, zikilipa ushuru uleule wa Uiju. Faida ya kwanza ni nafaka mwaka wa njaa. Hariri inafuata. Mlioisoma njaa ya 1670 na 1671 mnajua kwa nini naweka nafaka mbele: baridi, mafuriko, ukame na tauni ya ng'ombe vilikuja pamoja, na hakukuwa na mahali pa kununua chakula kwa haraka hata kwa mwenye fedha.

Dada Mizani:

La mwisho kaka. Biashara yote hii inasimama juu ya fedha ya Japani na jinsengi. Kimoja kikiisha?

Mleta uzi:

Vyote viwili viliisha, dada, na hapo ndipo ufalme wangu wa kubuni unapata mtihani wake.

Jinsengi ya porini ilichumwa mpaka milima ikachoka. Japani chini ya Shogun Yoshimune ilipata mbegu na miche, ikaanza kupanda jinsengi yake yenyewe, na kufikia katikati ya karne ya 18 fedha ilikuwa karibu imekoma kuja Busan. Wafanyabiashara wa Dongnae walianguka. Waliosimama ni wa Kaesong, kwa sababu walijifunza kupanda jinsengi mashambani na kuichemsha kwa mvuke na kuikausha ikawa nyekundu, isiyooza safarini. Mwaka 1797 serikali ikaikubali rasmi kama bidhaa ya kupeleka China na kuitoza ushuru, na mteja akawa China badala ya Japani. Walikuwa pia na utaratibu wao wa kuandika hesabu, kila muamala pande mbili, ulioendana vizuri na zao linalochukua miaka kadhaa kukomaa: unamkopesha mkulima leo, unavuna mtaji wako baada ya miaka sita.

Yaani mwelekeo sahihi ulipatikana, ila na watu binafsi, na serikali ikaja miongo kadhaa baadaye. Katika Joseon ya Sohyeon madaftari mawili ya forodha yangeonyesha fedha ya Busan ikishuka mwaka baada ya mwaka, mapema, kabla ya kuisha. Tuseme Hojo inaona hivyo, inawakopesha wakulima wa Kaesong mchele wa Daedong dhidi ya mavuno yajayo, na jinsengi nyekundu inavuka Uiju kihalali ifikapo 1740. Shaba ya sarafu inatafutwa Gapsan, kaskazini, badala ya kuisubiri Tsushima. Bado yangban hawalipi kodi ya jeshi, na bado kuna nobi. Lakini mkulima wa Gyeongsang ana zaidi ya nusu karne akilipa kodi anayoijua kiwango chake, na mwaka wa njaa kuna meli ya kwenda Shandong.